Nadharia Ilitoka Wapi?

Helen Culver, mama tajiri wa Chicago, alitoa dola 50,000 ili maisha ya wahamiaji waliokuwa wakimiminika katika mji wake kutoka Ulaya yachunguzwe. Kazi hiyo aliipata W. I. Thomas, mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, naye akawachagua Wapolandi. Ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Poland haikuwamo kwenye ramani kama nchi. Ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Ujerumani na Austria, na wakulima wake walivuka bahari kwa wingi kutafuta kazi kwenye machinjio na viwanda vya chuma vya Marekani. Thomas alijifunza Kipolandi, akasafiri hadi Ulaya, lakini bado hakujua ashike nini ili ayaone maisha ya watu hao kwa ndani.

Alivyosimulia mwenyewe miaka ya baadaye, jibu lilimwangukia kutoka dirishani. Alikuwa akipita kichochoro cha mtaa wa Wapolandi, mtu akamwaga taka kutoka ghorofani, naye akaruka pembeni. Ndani ya taka mlikuwa na barua ya binti aliyemwandikia baba yake juu ya mambo ya familia. Huenda kisa hicho kilizidi utamu kila kiliposimuliwa, ila kilichofuata si kisa tu. Thomas alitoa tangazo katika gazeti la Kipolandi la Chicago, akiahidi kulipa senti kadhaa kwa kila barua iliyotoka nyumbani, na watu wakaleta mafungu kwa mafungu.

Mwaka 1913 alikutana mjini Warsaw na Florian Znaniecki, mwanafalsafa kijana aliyeongoza shirika la kuwalinda wahamaji. Mwaka uliofuata Znaniecki alihamia Chicago, na wawili hao wakaandika The Polish Peasant in Europe and America, kazi ya juzuu 5 iliyotoka kati ya 1918 na 1920. Ndani yake mna mamia ya barua zilizochapwa kwa ukamilifu, familia baada ya familia, na juzuu moja zima limebeba maisha ya mhamiaji mmoja aliyejiandika mwenyewe. Katikati ya uchapishaji Thomas alikamatwa kwa kashfa ya mapenzi nje ya ndoa. Mahakama iliifuta kesi, lakini chuo kilimfukuza na kiwanda chake cha uchapaji kikaacha kazi hiyo njiani. Juzuu zilizobaki zilichapwa Boston.

Ukitaka kuona walivyosoma, tazama walichokifanya na salamu. Barua ya mkulima wa Kipolandi ilianza kwa kumsifu Yesu, ikatoa habari za afya, kisha ikamsalimia kila ndugu kwa jina, na habari yenyewe mara nyingi ilikuwa mistari michache tu mwishoni. Msomaji wa pwani yetu aliyekulia katika nyumba iliyopokea barua za namna hiyo, zenye salamu nyingi kama mchanga wa bahari kabla ya jambo lolote kutajwa, hashangai. Msomi wa mjini angeziruka salamu hizo akatafute habari. Thomas na Znaniecki walisema habari kubwa ilikuwa ndani ya salamu: kazi ya barua ilikuwa kuthibitisha kwamba familia ingali moja ijapokuwa bahari imewatenga. Kisha wakafuatilia barua za miaka kadhaa na kuonyesha jinsi zilivyobadilika, wakati mwana aliyeko Chicago alipoanza kuandika kuhusu mshahara wake na mipango yake, na baba akabaki akidai heshima ambayo haikuwa tena na mahali pa kusimama.

Hiyo ilikuwa mojawapo ya kazi za mwanzo za kile ambacho vyuo vyetu vinakiita utafiti wa kitaamuli, yaani utafiti ambao data yake ni maneno na matendo ya watu badala ya hesabu. Kwa miaka 20 kazi hiyo ilisifiwa sana, hadi Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii la Marekani lilipomwomba Herbert Blumer, mwalimu wa Chicago, aipime. Desemba 1938 wasomi walikaa kuijadili tathmini yake, na Thomas alikuwapo, mzee wa miaka 75.

Blumer aliiheshimu kazi hiyo, ila aliuliza swali lililoitikisa. Nadharia hii ilitoka wapi? Thomas na Znaniecki walikuwa wamesema, au angalau wameacha ieleweke, kwamba mawazo yao juu ya kuvunjika na kujengeka upya kwa jamii yalitoka kwenye barua. Blumer alizipitia barua pamoja na maelezo yaliyoambatanishwa nazo, akaona kwamba maelezo yanaingia akilini, yanamulika mambo, lakini barua zenyewe haziwezi kuyathibitisha wala kuyakanusha. Msomaji mwingine angeweza kusoma barua ileile na kuieleza vingine, na hakuna kilichomo ndani ya barua ambacho kingewaamua. Sehemu kubwa ya nadharia ilitoka kwenye ujuzi ambao waandishi walikuwa nao tayari kuhusu Wapolandi, na kwenye fikra walizokuja nazo. Thomas hakubisha sana. Alikubali kwamba pengo kati ya data na nadharia lilikuwapo.

Naiona siku hiyo kuwa muhimu kuliko siku ya ile barua ya kichochoroni. Kukusanya maneno ya watu kulikuwa kumekwisha kuwezekana. Kujibu swali la Blumer ndiko kulikochukua miaka yote iliyofuata.

Jibu la kwanza lilikuwa limeanza karibu naye, kwa mwanafunzi wake mwenyewe. Alfred Lindesmith aliwahoji watumiaji wa kasumba na morfini mjini Chicago miaka ya 1930, akitafuta kinachomfanya mtu awe mtumwa wa dawa ilhali mwingine aliyepewa dawa hiyohiyo hospitalini anaondoka salama. Alianza na nadharia tete nyepesi, kwamba anayejua amepewa dawa gani hunaswa, na asiyejua haponzwi nayo. Mara akakutana na daktari aliyewahi kutibiwa kwa morfini kwa wiki kadhaa, akijua kabisa ni morfini, na hakunaswa. Mtu mmoja tu, na nadharia tete ikaanguka. Lindesmith akaiandika upya: mtu hunaswa anapotambua kwamba maumivu anayoyasikia yanatokana na kuikosa dawa. Wakapatikana walioyatambua maumivu hayo na wasinaswe. Akaiandika tena: kinachonasa ni kuitumia dawa ili kuyaondoa maumivu ambayo mtu ameshaelewa chanzo chake. Baada ya hapo alizunguka akitafuta kwa makusudi mtu wa kuivunja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1947.

Znaniecki alikuwa ameupa utaratibu huu jina katika kitabu chake cha 1934: uchambuzi wa kufata, ambao haumruhusu mtafiti kupata maelezo yanayowafaa wengi kisha akawasahau wachache. Ukali wake haukuwa na mfano. Ulipingwa baadaye, kwa haki, kwa kuwa mtafiti anayewahoji walionaswa peke yao hawezi kujua ni wangapi walipitia njia ileile wasinaswe. Lakini mimi ningetamani kila mwanafunzi anayeandika tasnifu akutane na yule daktari wa Lindesmith kabla hajafundishwa jambo jingine lolote. Tasnifu ngapi hutaja mhojiwa mmoja aliyeivunja hoja ya mwandishi?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hesabu ilitawala. Jeshi la Marekani lilikuwa limewajazisha hojaji askari zaidi ya nusu milioni, na matokeo yake yalichapwa mwaka 1949. Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, chini ya Paul Lazarsfeld na Robert Merton, kilikuwa kitovu cha mtindo huo. Waliochambua maneno walionekana watu wa kutayarisha njia: kusanya mahojiano machache, pata fununu, kisha waachie wenye takwimu wathibitishe.

Watu wawili waliokuja kupinga hali hiyo walitoka kila mmoja upande wake. Anselm Strauss alisomea Chicago, akafundishwa na Blumer, akaandika kitabu cha saikolojia ya jamii pamoja na Lindesmith. Swali la 1938 alilipata kama urithi. Barney Glaser alitoka Columbia, amenolewa na Lazarsfeld na Merton, amezoea kulinganisha na kutaka kila dhana ionyeshe vielelezo vyake. Walikutana San Francisco, katika skuli ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha California, ambako Strauss alikuwa ameajiriwa mwaka 1960. Pamoja nao alikuwapo Jeanne Quint, muuguzi aliyejua wodi kwa miaka mingi na aliyeshiriki uwandani tangu mwanzo. Historia fupi za mbinu hizi humtaja kwa nadra, nami naona hiyo ni dhuluma, kwa sababu wodini huwezi kusimama usiku kucha ukitazama wanaokufa kama hakuna anayejua unatazama nini. Kitabu chake kuhusu muuguzi na mgonjwa anayekufa kilitoka mwaka 1967.

Swali lao lilikuwa zito. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Chicago, Donald Oken, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba karibu asilimia 90 ya madaktari aliowauliza walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Sasa, katika hospitali ambamo daktari anajua, muuguzi anajua, ndugu wamenong'onezwa, na mwenye mwili ndiye hajui, watu huishije pamoja? Timu ilifanya kazi katika hospitali 6 za eneo la ghuba ya San Francisco. Walikaa wodini, wakafuata zamu, wakasikiliza makabidhiano ya wauguzi, wakauliza maswali koridoni.

Hawakuchagua wodi zao zote mapema. Walianza na wodi ya watoto njiti, kisha upasuaji wa ubongo ambako wengi wamepoteza fahamu, ili waone kifo ambacho anayekufa hana habari nacho. Walichokiona huko kikawatuma kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, ambako kifo kinatarajiwa na huja haraka. Hiyo nayo ikawatuma kwenye wodi ya saratani, ambako kinatarajiwa lakini huja polepole, na mgonjwa huenda anajua au hajui. Kila hatua ilikuwa na sababu iliyozaliwa na hatua iliyotangulia. Kuchambua hakukusubiri data ikamilike. Uchambuzi wa leo ulisema kesho waende wapi.

Usiku walikaa na maandishi yao ya mchana na kulinganisha tukio na tukio. Wauguzi, kwa mfano, walikuwa na namna zao za kuuzungumzia msiba: huyu alikuwa kijana mno, yule ameacha watoto wadogo, mwingine alikuwa karibu kumaliza masomo, na kwa mzee aliyeteseka walisema amepumzika. Ukisoma moja moja ni maneno ya huruma. Glaser na Strauss waliyaweka pamoja, wakaona kwamba wauguzi walikuwa wakipima hasara ambayo kila kifo kinaiachia jamii, kwa umri, kazi, elimu na familia, na kwamba kipimo hicho kilielekea kuathiri uangalizi ambao mgonjwa angepata angali hai. Dhana hiyo wakaipeleka kwenye matukio mengine ili waone inakatika wapi. Walipofika mahali ambapo matukio mapya hayakuongeza jambo lolote kwenye dhana, waliiacha na kushika nyingine.

Kitabu cha kwanza, Awareness of Dying, kilitoka mwaka 1965. Kilipanga hali nne: mgonjwa hajui kabisa, mgonjwa anashuku na kutega masikio, wote wanajua lakini kila mmoja anajifanya hajui, na wote wanajua na wanasema. Hali ya tatu ndiyo iliyowagusa wasomaji wengi, ile ya mke na mume kuzungumzia mipango ya mwaka ujao huku wote wawili wakijua hautafika.

Watu walipouliza kazi hii ilifanywaje, jibu lilikuwa The Discovery of Grounded Theory, 1967. Waandishi walitangaza kwamba nadharia iliyojengwa juu ya data inaweza kugunduliwa moja kwa moja kutoka kwenye data, kwa kulinganisha bila kukoma, na kwamba vijana wasikubali kuwa vibarua wa kuthibitisha nadharia za wakubwa. Lilikuwa tamko la uhuru, na wanafunzi wengi walilipokea hivyo. Lakini ndani yake swali la Blumer lilikuwa bado linapumua. Kama nadharia imegunduliwa, basi ilikuwako tayari ikimsubiri mgunduzi. Je, Lazarsfeld na Blumer walikuwa wamebaki nje ya mlango wa wodi?

Waandishi wenyewe waligombana kwa sababu hiyo. Mwaka 1990 Strauss, akiwa na muuguzi mtafiti Juliet Corbin, alichapisha mwongozo wenye hatua za wazi za kuweka misimbo: kwanza vunja data vipande na uvipe majina, kisha unganisha majina hayo ukitafuta sababu, mazingira, mikakati na matokeo, mwishowe chagua kiini cha kubeba vyote. Wanafunzi walifurahi kupata ngazi ya kupandia. Glaser alikasirika. Alimwandikia Strauss akimtaka akiondoe kitabu hicho, na mwaka 1992 akachapisha cha kwake kukijibu. Kwake, ukienda kwenye data ukiwa na orodha ya sababu na matokeo mkononi, utavipata, kwa kuwa umevilazimisha. Subira na kulinganisha vingetosha. Strauss alifariki mwaka 1996, na mgogoro ukabaki kwa wafuasi.

Katika ugomvi huu namuunga mkono Glaser kuhusu ugonjwa, lakini dawa yake siikubali. Ni kweli kwamba ngazi ya Strauss na Corbin iliwafanya wengi wajaze visanduku. Lakini mtu anayesema anaingia mikono mitupu hujidanganya, na Kathy Charmaz, aliyesomea kwa wazee hao wawili palepale San Francisco, ndiye aliyelisema hili vizuri zaidi. Katika maandishi yake ya mwaka 2000 na kitabu cha 2006 alishikilia kwamba nadharia haigunduliwi, inajengwa, na anayeijenga ni mtafiti pamoja na wale aliozungumza nao, kila mmoja akiwa na umri wake, jinsia yake na hofu zake. Kwa hiyo mtafiti aeleze alisimama wapi aliposikiliza.

Kompyuta nazo ziliingia. Mjini Melbourne, mwaka 1981, Tom Richards alianza kumtengenezea mkewe Lyn programu ya kusimamia mahojiano yake, nayo baada ya miaka ikawa NVivo ambayo maabara nyingi za vyuo zinayo. Inapanga, inatafuta, inahesabu misimbo. Haisomi. Kisha, mwaka 2006, Virginia Braun na Victoria Clarke walichapisha makala kuhusu uchambuzi wa dhamira, yenye hatua 6, na makala hiyo ikaenea kila mahali kwa sababu iliwafaa hata wasiotaka kujenga nadharia. Waandishi hao waliwasihi wasomaji waache kuandika kwamba dhamira zimeibuka zenyewe, kana kwamba zilikuwa zimejificha ndani ya mahojiano. Miaka 13 baadaye walilazimika kuandika tena kufafanua kwamba hatua zao 6 si orodha ya kuweka vema pembeni.

Swali la Blumer lilifika kwetu mapema kuliko miongozo hiyo yote. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Glaser na Strauss, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Hawakutoka kwenye mkondo wa Chicago. Mkondo wao ulikuwa wa wanahistoria wa mapokeo simulizi kama Jan Vansina, aliyefanya kazi Congo na kufundisha namna ya kulinganisha simulizi na simulizi na kuuliza kila moja ilipita kwa nani hadi ikafika. John Iliffe alikuwa miongoni mwa walimu, na Gilbert Gwassa, Mtanzania, ndiye aliyeingia kwa kina zaidi katika masimulizi ya Umatumbi: vita kuanza Nandete kwa kung'oa pamba, dawa ya Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, kunyongwa kwake Mohoro mwezi Agosti 1905. Gwassa alikadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa.

Kazi ile ilikuwa ya ushujaa wa kitaaluma. Iliwapa nafasi watu ambao ripoti za Wajerumani ziliwaita washenzi waliopagawa. Lakini walioanzisha utafiti walikuja na picha tayari. Nchi ilikuwa na karibu miaka 7 ya uhuru. Julius Nyerere alikuwa ameitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Na wote walitaka kujua jinsi dawa ilivyowaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya mkoloni. Waliuliza kuhusu umoja, wakajibiwa kuhusu umoja.

Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri aliichunguza upya Uzaramo, akaona vita vingine. Sheria za kikoloni za uwindaji na silaha ziliwaacha nguruwe mwitu wakila mazao; wanaume walikuwa wameondoka kutafuta kazi; mashamba yalibaki mikononi mwa wanawake, nao walianza kushika majukumu ambayo hapo awali hayakuwa yao. Alichokiona kilikuwa njaa na mvutano wa jinsia, ulioanza kabla ya 1905, na ambao haukuingia vizuri ndani ya hadithi ya taifa linalozaliwa. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima cha uchambuzi mpya wa vita hivyo, na baadhi ya waandishi wake waliyapima upya masimulizi ya 1968 yenyewe, wakichunguza nani alihojiwa, aliulizwa nini, na siasa za wakati ule ziliyapa majibu sura gani. Waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa wazee wa miaka 80 walipoketi na wanafunzi wale, kwa hiyo hakuna anayeweza kurudi kijijini kuwauliza wanawake wa Uzaramo walivyowalinda watoto na mihogo yao dhidi ya nguruwe. Zimebaki karatasi zilizopigwa taipu, na swali la Blumer la kuzisomea.